Faida ya Ukutani

Mtaani walimwita Mhandisi, ingawa kitu pekee alichowahi kuunda ni maneno. Nyumba yake ilikuwa imesimama kuta tupu, na mkewe alishasema waziwazi kwamba mvua ikianza kabla bati halijapanda, yeye anarudi kwao na watoto. Pesa ya bati ilikuwepo, tena yote, ila Mhandisi alitaka na ya vigae. Mtu wa aina yake akishiba hutupia macho sahani ya jirani.

Ndipo akapita mbele ya duka la magodoro. Mwenye duka, mjane wa makamo ambaye wote walimwita Mama Magodoro, alikuwa amekaa juu ya bidhaa yake akijipepea kwa kipande cha boksi. Mteja hakuna. Mhandisi akaona duka kubwa na mama mwenye wasiwasi, akameza mate.

Aliingia, akaamkia kwa adabu zote, akaanza. Alisema siku hizi biashara haiendeshwi kwa macho. Wakubwa wote wana mfumo unaosoma mauzo na kutaja faida ya mwezi ujao kabla mwezi haujafika. Wadogo wanafilisika kwa kukosa takwimu. Hapo, kusema kweli, hakukosea sana. Takwimu husaidia duka dogo, mradi ziwe za duka hilo. Zake alizichora akiwa amejilaza kitandani: mstari wa kijani unaopanda kutoka kona moja ya televisheni hadi nyingine, kisha unaanza upya.

Mama Magodoro alimsikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja.

"Huo mstari, mwanangu, huwa unashuka?"

"Kwa wateja wangu, mama, haujawahi."

"Basi niwekee."

Alitoa robo ya malipo, iliyobaki akaahidi mwisho wa mwezi. Mhandisi aliondoka akicheka peke yake barabarani. Kuna watu droo ya pesa ikiwaambia hawana kitu hawaamini, mpaka waambiwe na televisheni.

Mwisho wa mwezi alirudi kudai salio, akiwa amejiandaa kwa kilio na matusi. Alikuta malori mawili mlangoni na wapagazi wakitoa magodoro mbiombio. Ndani, wanaume watatu wenye mashati ya heshima walikuwa wakigombania mali, kila mmoja akitaka yake ipakiwe kwanza. Juu ya vichwa vyao, kwenye televisheni ya ukutani, mstari ulikuwa unapanda.

"Kumetokea nini, mama?"

"Si unaona mwenyewe? Mzigo wote unaondoka leo." Akamtazama anavyokodolea macho ukuta, akachomoa bahasha nene. "Salio lako hili hapa. Chukua, tusidaiane."

Mwenye akili timamu angepokea na kutoweka. Lakini mwongo ana ugonjwa wake: uongo ukimkaa mdomoni muda mrefu, huanza kuuonea utamu. Mhandisi aliutazama mstari, akayatazama malori, akarudi kwenye mstari. Akajiambia kumbe ana kipaji ambacho hata mwenyewe hakukijua. Miaka yote amekuwa akiwauzia watu dhahabu akidhani ni bati bovu. Jitu zima, na ndevu zake.

Akaisukuma bahasha, akasema hataki salio, anataka ubia.

Mama Magodoro alikasirika. Duka hilo ni jasho la marehemu mume wake, asimkosee heshima. Mhandisi akapandisha dau. Mama akafuta machozi. Mhandisi akapandisha tena, sasa analitaka duka zima. Jioni, mbele ya wakili, pesa yote ya bati ilihamia kwenye mkoba wa mama, na Mhandisi akawa mmiliki wa duka pamoja na haki na wajibu wake wote, maneno aliyoyapitia harakaharaka kwa kuwa hayakuwa na rangi.

Asubuhi alifungua mlango, asikute godoro hata la mtoto mchanga. Nyuma yake akaingia mmoja wa wale wenye mashati, mwenye kiwanda. Alimweleza kwa upole kwamba jana walikuja kuchukua mali yao ambayo haijalipiwa, kwamba haikutosha, na kwamba deni lililobaki sasa ni la mmiliki mpya. Mama Magodoro alikuwa ameshasafiri. Ule mstari aliuacha uwake ili umnase mjinga yeyote atakayepita. Hakuota kwamba atakuja yule yule aliyeuchora. Hata ile bahasha ilikuwa na karatasi tupu.

Mhandisi alikimbilia polisi. Askari wa zamu akachukua kalamu.

"Unasema alikudanganya kwamba duka lina faida. Alikuambia hivyo?"

Mhandisi alitafuta kichwani. Neno faida mama hakuwahi kulitamka hata mara moja.

"Hapana, afande. Kulikuwa na takwimu, ukutani."

"Safi. Huo ndio ushahidi. Alizitengeneza nani?"

Mhandisi alisukuma kiti nyuma. Kisha akasema amekumbuka shughuli nyumbani, afande asijisumbue kuandika, akainuka.

"Rudi ukae," askari alisema. "Hapa ndipo naanza kukuelewa."