Vita Vyangu na Mama Utulivu

Jumatatu, 3 Machi

Nimeamka na hasira, na sababu ninazo. Shemeji ametangaza mezani, wakati wa chai, kwamba chumba cha nyuma kirudi kwa mwenyewe. Mwenyewe ni mpwa wangu. Ana mtihani mwaka huu, na tangu nihamie hapa analala kwenye kochi sebuleni. Mimi nilihamia kwa muda tu. Walikubali wenyewe! Hakuna aliyeuliza muda gani.

Dada akaweka sharti. Nikipata kazi ya uandishi kufikia Jumamosi, kazi ya kweli iliyokubaliwa na mtu baki, nabaki chumbani hadi nijipange. Nisipopata, mpwa anarudi chumbani kwake na mimi nahamia kwenye duka la rangi la shemeji. Mchana nichanganye rangi, usiku nilale stoo. Stoo! Mtu mwenye kipaji! Shemeji alikuwa anapaka siagi mkate huku anatabasamu, tena ule mkate niliokuwa nimeulenga mimi. Nikamjibu kwa ukimya mzito. Nadhani hakuusikia.

Mchana nimejiunga na Jamvi. Ni ukumbi wa mtandaoni wa waandishi wa kujitegemea, na wateja hupita humo kutafuta watu wa kuwaandikia makala za tovuti zao. Msimamizi wanamwita Mlezi. Wana desturi zao. Makala yako unaianika Kambani, wenzako wanaitolea maoni, mteja akiipenda Mlezi anaianua na kazi inakuwa yako. Utadhani tunafua shuka. Halafu mgeni haruhusiwi kuanika chochote mpaka kwanza atoe maoni kwenye makala mbili za wenzake.

Nikaandika "Safi" kwenye ya kwanza na "Safi sana" kwenye ya pili. Mlezi kayarudisha. Eti maoni yawe ya kusaidia. Niwasaidie vipi zaidi ya kuwasifu? Nikalazimika kuzisoma makala zenyewe. Jioni nzima imepotea hivyo.

Jumanne, 4 Machi

Leo nimeanika. Mteja mwenye tovuti ya mambo ya nyumbani alitaka makala kuhusu jinsi ya kuchagua godoro. Mwandishi wa kawaida angeandika kuhusu godoro. Mimi nikaanza na usingizi tangu binadamu wa kwanza alipojilaza, nikapita kwenye upweke, kifo na mwezi mchanga. Nilipomaliza machozi yalinilengalenga.

Kuna mtu Jamvini anajiita Msumari. Jina linamfaa. Kaandika chini ya makala yangu kwamba amefika aya ya mwisho na bado hajaliona godoro, akauliza kama limeibiwa. Watu wakacheka! Wengine wakaanza kulitafuta. Mmoja akadai kaliona aya ya tatu, mwenzake akamwambia hapana, ile ni mikeka.

Damu imenichemka hadi masikio. Nimemjibu Msumari kwamba godoro lipo kwa wenye macho ya ndani. Akasema mteja anauza kwa wenye macho ya nje. Nimemchukia kabisa, na hata sura yake siijui.

Jumatano, 5 Machi

Nimemwandikia Mlezi kulalamika. Akajibu kwa upole, na upole wake umeniudhi kuliko matusi. Alisema mgeni anayetaka makala yake ipelekwe moja kwa moja kwa mteja atafute mdhamini, yaani mwanachama ambaye makala yake imeshawahi kuanuliwa. Nimewaomba wanachama kadhaa. Kimya. Msumari peke yake ndiye aliyejibu, akinishauri nipumzike kidogo, ikiwezekana juu ya godoro.

Sawa. Kama hawataki kunidhamini, nitajitafutia mdhamini wangu. Nimefungua akaunti ya pili. Jina: Mama Utulivu. Picha: birika la chai la dada. Maelezo: mama wa makamo, anapenda amani. Kazi yake ni moja tu, aanike kitu kidogo, kianuliwe, halafu anidhamini mimi. Mpango hauna hata tundu.

Nilikuwa sijui aandike nini, mpaka dada akanigongea mlango. Alikuwa amekuta taulo langu bichi juu ya vitabu vya mpwa. Alinishambulia. Alisema haya, akasema yale, akasema amechoka kuishi na mtu mzima anayesubiri kugunduliwa. Nikarudi kwenye kiti nimefura kama hamira. Nikayaandika maneno yake yote, nikiyageuza ushauri kwa dhihaka, ili dunia ione ninavyoishi. Makala hiyo nikaipa kichwa "Ndugu Asiyeondoka". Usipige kelele, mpe siku. Usimwoshee sahani. Anza na meza, maana mtu asiye na meza hana kisingizio cha kuendelea kukaa. Na chochote kitakachotokea, usibishane naye kuhusu kipaji chake.

Sikuisoma hata mara ya pili. Nikaianika kwa jina la Mama Utulivu nikaenda kula. Hakikubaki chochote sufuriani.

Alhamisi, 6 Machi

Imeanuliwa! Kabla ya saa sita mchana! Mteja yule yule wa godoro ameichukua, kaichapisha papo hapo, na anataka Mama Utulivu amwandikie safu kila wiki.

Nilicheza chumbani. Kisha nikaanza kusoma maoni ya watu, na furaha ikaniisha. Eti mama huyu ana hekima. Eti kila neno limekaa mahali pake. Msumari, yule yule Msumari, kaandika kwamba hatimaye Jamvi limepata mtu anayejua anachosema. Anajua nini? Hajawahi hata kuwepo! Mimi nilihangaikia godoro siku nzima, nikaweka na mwezi ndani, yeye kaja na hasira za jikoni za robo saa na wanamtandikia zulia.

Nikajituliza. Nikamfanya atimize wajibu wake. Mama Utulivu akaandika hadharani kwamba anamdhamini mwandishi wa makala ya godoro, kijana mwenye kina. Balaa! Wakamwonea huruma. Wakamwambia ajihadhari, mama mwenye roho nzuri kama yeye hakosi vijana wa aina hiyo wa kumnyonya. Mwanamke mmoja akamwuliza pembeni kama mimi ndiye yule ndugu asiyeondoka. Ilibidi nimjibu mimi mwenyewe, kwa sauti ya mama, kwamba hapana.

Mlezi akaipeleka makala ya godoro kwa mteja, maana sheria ni sheria. Mteja akaisoma, akarudisha jibu. Ameuliza kama Mama Utulivu anaweza kumwandikia kuhusu magodoro.

Nimeupiga mto ngumi. Najua, ningeweza kwenda kwa dada sasa hivi nimwambie kazi nimepata. Lakini nimwonyeshe nini? Maneno yake mwenyewe aliyoyasema mlangoni, chini ya picha ya birika lake? Na sifa aondoke nazo mwanamke ambaye hayupo? Hapana. Kazi itakuja kwa jina langu au isije.

Ijumaa, 7 Machi

Nimelala juu ya hasira na nimeamka na akili. Jambo ni rahisi. Mama Utulivu akiondoka, safu inabaki wazi. Ikibaki wazi, nani atairithi? Yule aliyedhaminiwa naye. Hata mtoto anaona hilo.

Nimemwandikia Mlezi barua ya siri kumshtaki Mama Utulivu. Nilisema si mtu wa kweli, ni akaunti ya uongo, ametudanganya sote na heshima ya Jamvi imechafuka. Niliandika kwa hasira, maana ni kweli tupu. Mlezi akashukuru, akaomba ushahidi. Nikampa! Nikamtumia picha nzima ya birika, ile ya kabla sijaikata, inaonyesha meza yangu, daftari langu lenye jina langu na goti langu. Nikamweleza kwamba birika hilo liko kwetu, na mtu hawezi kuwa na ushahidi mzuri kuliko huo.

Jibu limekuja alasiri. Mlezi anashukuru tena kwa uaminifu wangu usio wa kawaida. Amezifunga akaunti zote mbili.

ZOTE MBILI! Ya kwangu kwa kosa gani? Mimi ndiye niliyeripoti! Nimemwandikia tena, ujumbe haupiti. Nimejaribu kuingia, naambiwa sijulikani. Kuna kicheko kinatoka jikoni sasa hivi, cha dada na mpwa. Watu wanacheka nyumba hii wakati mimi naungua.

Nimekwenda kuangalia. Laiti nisingekwenda. Mpwa ameikuta "Ndugu Asiyeondoka" kwenye simu yake, imeshasambaa, na anamsomea mama yake. Dada alikuwa anafuta machozi kwa kanga. Alisema hatimaye duniani kuna mtu anayemwelewa. Akamwambia mpwa amtumie, aisome vizuri neno kwa neno.

Jumamosi, 8 Machi

Nimetoka kuoga, meza haipo.

Niliuliza kwa utulivu meza yangu iko wapi. Shemeji akasema iko dukani inanisubiri. Sahani zangu za wiki nzima zilikuwa zimepangwa mlangoni kwa usafi wa kutisha, zote chafu. Dada hakupiga kelele hata kidogo. Alinikalisha sebuleni na familia yote, akaniambia siku imefika, je, kazi nimepata?

Nikasimama. Nikasema ndiyo. Nikasema wanayemsifu ni mimi, Mama Utulivu ni mimi, kila neno nimeliandika kwa mkono wangu kwenye chumba kile kile!

Shemeji alicheka mpaka akashika ukuta. Mpwa akasema mjomba, tafadhali. Dada akaniangalia kwa huruma, na huruma hiyo ilinichoma kuliko kicheko cha mumewe. Alisema mwandishi wa makala ile ni mtu mzima aliyelea, aliyevumilia, anayejua nyumba inaendeshwaje. Mimi sahani tu sijui kuisuuza. Nikatoa simu niwaonyeshe akaunti. Imefungwa. Nikawaambia imefungwa kwa sababu nilijishtaki mwenyewe. Nilipoyasikia yale maneno yakitoka mdomoni mwangu, hata mimi niliona hayanisaidii.

Nikaanza kueleza kuhusu kipaji. Dada akainua mkono, akasema Mama Utulivu amekataza.

Nimefungasha. Mpwa amenisaidia kubeba begi mpaka mlangoni, kisha akarudi chumbani mbio. Kupitia dirishani nilimwona anapanga vitabu vyake pale kwenye sakafu palipokuwa na meza, anaimba. Akaniona, akasema asante mjomba, kwa moyo kabisa. Nusura nimwambie karibu. Nikakasirika badala yake.

Jumapili, 9 Machi

Stoo inanuka tapentaini. Nimezungukwa na makopo, na kila kopo lina jina zuri kuliko maisha yangu: Alfajiri, Maziwa, Tumaini. Meza yangu ipo kweli, ila shemeji ameiwekea mizani ya kupimia rangi.

Duka limefungwa leo, nimepata nafasi ya kupitia tovuti ya yule mteja. Nilitaka tu kuona pengo nililomwachia. Hakuna pengo! Safu imeendelea! Mteja kalipenda jina, kalibakiza, kamtafuta mtu mwingine wa kuliandikia. Chini kabisa, kwa herufi ndogo, wamemshukuru mwandishi mpya wa safu ya Mama Utulivu. Ni Msumari.

Nimepiga teke kopo la Tumaini. Limefunguka.

Jumatatu, 10 Machi

Shemeji ameniuliza mbona sakafu ya stoo ni ya kijani. Nimemwambia ni ubunifu. Amenikabidhi tambara.

Nilikuwa nasugua, nimepiga magoti, hasira inanipanda na kushuka, ndipo nikaona kosa lilikuwa wapi. Kosa halikuwa kwenye mpango. Kosa lilikuwa kumwachia mwanamke yule uhuru mwingi mno. Alikosa mtu wa kumsimamia.

Wakati wa chakula cha mchana nimefungua akaunti mpya Jamvini, kwa simu. Jina: Baba Utulivu. Picha: kopo la rangi. Maelezo: mume halali wa Mama Utulivu, anajua mengi. Makala yangu ya godoro ninayo bado, nimeiongezea mwezi wa pili, na mdhamini sasa si wa kutafuta. Msumari atake asitake, ameshaolewa na mimi. Akinikatalia dhamana mbele ya Jamvi zima, watu watamwonaje?

Kilichobaki ni yale masharti yao ya wageni, maoni mawili kwenye makala za wenzangu. Nimeyamaliza kabla shemeji hajarudi kutoka kula. Kwenye ya kwanza nimeandika "Safi". Kwenye ya pili, "Safi sana".