Nyumba ya Kumi ni Yangu

Alhamisi, 18 Februari 1999

Nimegundua! Jumanne ijayo sayari mbili, Mshtarii na Zuhura, wanakutana katika kundi la nyota la Samaki. Hesabu nimezirudia mara nne kwa kitabu cha nyota cha Kihindi alichoniachia mzee Karsan alipofunga duka lake la vitambaa pale Majengo. Mshtarii akiwa Samaki yuko nyumbani kwake. Zuhura akiwa Samaki ndipo anapotukuka kuliko mahali pengine popote. Wote wawili, siku moja! Na kwangu mimi, niliyezaliwa Julai wakati kundi la Mapacha linachomoza, Samaki ni nyumba ya kumi ukihesabu kuanzia Mapacha. Nyumba ya cheo.

Na Jumanne kuna nini shuleni? Uchaguzi wa kiranja wa maktaba!

Kiranja hushika ufunguo wa kabati. Ndani mna vitabu mia mbili na kumi na vinne, nimevihesabu kupitia kioo. Wengine tunaazima kimoja kwa wiki, tena anachochagua Mwalimu Felisiani. Mwezi huu wote nimesoma ufugaji wa nyuki.

Mpinzani wangu ni Ponsian, golikipa. Leo ameniuliza mbele ya darasa kama kura nitaziomba kwa mdomo au kwa barua. Wamecheka sana, maana darasani huwa siongei. Mwenye Mshtarii hajibu.

Jioni nimemweleza Kulwa, ndugu yangu pacha, habari zote hizi. Amesikiliza mpaka mwisho. Hajawahi.

Ijumaa, 19 Februari

Balaa! Kulwa amejiandikisha kugombea!

Nimemuuliza anataka maktaba ya nini, yeye ambaye kitabu chake cha Jiografia kiko chini ya mguu wa kitanda. Akasema si nilimwambia mwenyewe kwamba Jumanne kuna cheo? Na si tulizaliwa siku moja, mama mmoja? Basi na chake kipo.

Nimelala mapema.

Jumamosi, 20 Februari

Nimeokoka! Ukurasa wa sitini na moja: kundi linalochomoza hubadilika kila baada ya saa mbili hivi. Kumbe mapacha hawalingani! Nimekimbia jikoni kumuuliza Mama tulizaliwa saa ngapi hasa.

Saa hakuwa nayo. Alisema Kulwa alifika ng'ombe wanakamuliwa. Mimi nilifika ng'ombe wanatoka zizini. Katikati hapo alishakunywa uji, akidhani kazi imekwisha.

Nimepiga hesabu. Kulwa: Mapacha. Samaki ni nyumba yake ya kumi. Cheo.

Mimi: Kaa. Samaki ni nyumba yangu ya tisa. Safari.

Nimerudi jikoni. Nimemuuliza Mama, kwa heshima, kama inawezekana wakati wa kuogeshwa tulibadilishwa. Ameuliza kama naumwa. Nikasema hapana. Basi akasema yeye ndiye aliyekuwepo, Kulwa alikuja na kelele, mimi nilikuja nimefumba mdomo, na Kwaresima hii niache mambo ya nyota nichote maji.

Jumapili, 21 Februari

Nina mpango. Wa akili kabisa.

Baba anataka mtu wa kwenda Sitalike, ng'ombe wetu walipo kwa baba mdogo Malale. Bwana mifugo anachanja Jumanne. Safari hiyo! Imeandikwa mbinguni, lakini hakuna aliyesema lazima niende mimi. Nimemwambia Baba kwamba Kulwa ana mikono ya chuma, madume wanamheshimu, mimi nitamchelewesha bwana mifugo tu. Nimesema sentensi tano mfululizo. Baba aliweka kikombe chini kunitazama. Akakubali!

Ushindi ulidumu mpaka wali ulipoiva. Mama akauliza ni nani amesema pacha atumwe peke yake. Mmoja akienda na mwingine akibaki, mmoja ataugua. Hata daftari kama hili alinunua mawili, na Kulwa hajui kuandika shajara, lake ameandikia msimamo wa ligi.

Tunakwenda wote.

Jumatatu, 22 Februari

Naandika juu ya magunia ya chumvi, ndani ya lori. Mwandiko unaruka. Kulwa anapiga mluzi. Ponsian leo amegawa karanga darasa zima.

Jumanne, 23 Februari

Tumeshika ng'ombe arobaini na sita. Wa arobaini na tano amenipiga teke la paja. Kulwa hakuguswa na hata mmoja. Mchana wote mvua, na kule shuleni Mpanda watu wanapiga kura.

Jua lilipozama mawingu yakafunguka upande wa magharibi. Wale pale! Mshtarii na Zuhura, bega kwa bega, waking'aa. Nilisahau paja. Kulwa akasema ni taa za lori la Sumbawanga. Nikamwambia lori halipandi angani. Akasema dereva wa lile anaweza.

Jumatano, 24 Februari

Ponsian kura thelathini na moja. Mimi tisa. Kulwa hamsini na nane!

Kumbe Ponsian alisimama akatangaza kwamba atakayechelewesha kitabu atafagia vyoo wiki nzima. Wakampigia aliyekuwa hayupo. Mimi pia sikuwepo, lakini basi.

Nilikuwa nimeinamia dawati wakati Kulwa anapewa beji. Kisha Mwalimu Felisiani akamsomea kazi zake: kila Jumamosi alasiri, kupanga vitabu na kufuta vumbi. Saa ya mpira! Kulwa akabadilika rangi. Akaomba aondolewe. Mwalimu akasema kura hairudishwi.

Ndipo Kulwa akasema, kwa sauti ya msiba, kwamba kwetu pacha hapewi kitu peke yake, mwenzake huugua. Akaninyooshea kidole. Ona, mwalimu, ameshaanza kuchechemea.

Mwalimu ni Mfipa, mambo yetu ya mapacha hayajui. Alitazama paja langu kwa muda mrefu. Nami nilichechemea kwa moyo wote.

Kulwa amebaki na beji. Mimi nimepewa kazi za Jumamosi na ufunguo!

Vitabu mia mbili na kumi na vinne! Ufunguo uko mfukoni, umefungwa kwa kamba nyekundu. Ponsian amekuja kuomba kitabu cha mpira. Nimemwambia aombe kwa barua.

Sayari hazikukosea hata kidogo. Beji ni bati tu, cheo ni ufunguo, na ufunguo umekuja kwangu. Nyumba ya kumi ni ya aliyetangulia kuzaliwa. Kwa hiyo aliyetangulia ni mimi. Mama alikosea. Nitamwambia kesho, kwa upole, akishakunywa chai.