Visu Kumi na Bandeji Moja

Jumatatu asubuhi Kaimu alikuwa amejibanza nyuma ya madebe ya rangi, ndani ya duka la vifaa vya ujenzi, akimsubiri bwana mmoja apite zake barabarani. Bwana huyo alikuwa ameuziwa na Kaimu kiti cha kudumu katika baraza ambalo halijawahi kuundwa, na tangu alipogundua hivyo alikuwa akitembea na rungu.

Jina la Kaimu hakupewa na wazazi. Alipewa na mji, kwa kuwa kila alipojitambulisha alikuwa kaimu wa kitu fulani: kaimu mkaguzi wa mabomba, kaimu katibu wa wajane, kaimu mwakilishi wa kampuni iliyoko njiani. Hakuna aliyewahi kumthibitisha kazini. Alikuwa na shati jeupe lililopigwa pasi kwa uchungu, vidole laini ambavyo havijawahi kushika kitu kizito kuliko kalamu, na ulimi ambao ungeweza kumuuzia mtu kivuli chake mwenyewe, tena kwa awamu. Shida yake ilikuwa moja tu. Ulimi huo ulikuwa umeshapita kila nyumba, na sura yake sasa ilijulikana mpaka na watoto wa chekechea. Kila wiki alipoteza mtaa mmoja wa kupita. Alikuwa amebakiwa na vichochoro viwili na uwazi wa nyuma ya bucha.

Huko nyuma ya bucha kulikuwa na pikipiki nyekundu, mali ya muuza nyama, inayokaa tu kwa sababu mwenyewe alikuwa mzito kuliko matumaini ya pikipiki hiyo. Kaimu aliitazama kila alipopita. Akiipata ataondoka, ataingia mji mwingine asikojulikana, na huko ataanza upya kama kaimu wa jambo jipya. Asipoipata, siku moja rungu litamfikia. Alishaulizia, na muuza nyama akamjibu kwa ile sauti yake ya chini kwamba haiuzi. Labda mtu amletee visu vya maana, maana vya dukani vimemchosha.

Basi pale nyuma ya madebe ndipo aliposikia sauti ya mama mmoja kaunta.

"Nipe msasa wa namba zote, mwanangu. Kuanzia mia na ishirini mpaka mia nane."

"Mama, na mkono huo?" muuzaji akauliza.

Kaimu akachungulia. Alikuwa mama wa makamo, mnene kiasi, miwani imefungwa kwa uzi shingoni, mkono wa kulia umezungushiwa bandeji kutoka kiganjani mpaka karibu na kiwiko.

"Si ndiyo shida yenyewe," mama akasema, kwa sauti ambayo ingefika hata nyuma ya madebe ya rangi. "Nina visu arobaini vya jiko la shule ya bweni. Nimevichonga mwenyewe, kwa mikono yangu, karakana yangu iko uani. Vimebaki kusuguliwa na kung'arishwa, na wanavichukua Jumamosi. Na mkono huu haushiki hata kijiko. Sijui nani atanisaidia."

Visu. Vya mkono. Mama peke yake, na mkono mbovu. Mtu mwingine angejiuliza kwa nini mama anamweleza muuzaji wa misumari mambo yote hayo. Kaimu hakuwa mtu mwingine. Alijinyoosha kola, akatoka.

"Shikamoo mama. Nisamehe kwa kusikia yasiyonihusu. Mimi ni kaimu mkufunzi wa ung'arishaji wa vyuma."

"Marahaba. Mkufunzi wa chuo gani?"

"Hatuna jengo, mama. Tunazunguka."

"Na malipo yenu yakoje?"

Kaimu akaweka mkono kifuani. "Kwa mzazi mwenye mkono mbovu nidai malipo? Nitalalaje? Hii nafanya kwa kujitolea."

Mama alimtazama usoni, kisha akatazama vidole vyake, akavitazama kwa muda mrefu kidogo.

"Vidole vyako vizuri, mwanangu," akasema. "Twende."

Karakana ilikuwa chumba kimoja cha uani kilichokuwa zamani stoo ya kuni. Dirisha moja, meza nzito yenye jiliwa la kubania chuma, tupa zimepangwa ukutani kwa ukubwa, ndoo ya maji, na pembeni jiwe la kunolea la umeme. Visu arobaini vilikuwa vimelala kwenye sanduku la mbao wazi, vyeusi, vimejaa mikwaruzo ya mashine.

"Kwanza nione mkono wako," mama akasema. Akampa visu kumi vingine kutoka kwenye debe. "Hivi ni vya ziada. Vipitishe kwenye jiwe, viwe vyembamba. Ukiona chuma kinapata joto, chovya kwenye ndoo."

Kaimu akawasha. Cheche zikaruka, akazipenda. Akakandamiza. Chuma kikabadilika rangi, kwanza manjano kama majani makavu, halafu zambarau, halafu bluu nzuri ya kuvutia, na yeye ndoo hata hakuitazama, maana mkufunzi hawezi kuonekana anachovyachovya. Vyote kumi akavitoa bluu kutoka ncha mpaka katikati.

"Huu ni umaliziaji wa kisasa, mama," akasema, akipuliza vidole. "Wateja wakubwa siku hizi hawataki rangi nyingine."

Mama akakigeuza kimoja mwangani, akakigeuza tena. "Rangi nzuri sana," akasema kwa upole, akavirudisha kwenye debe. "Mashine imetosha. Njoo kwenye msasa."

Sasa nikueleze kuhusu msasa, kwa sababu hakuna aliyemweleza Kaimu mapema na ilimgharimu. Kisu hubanwa juu ya ubao. Msasa huzungushwa kwenye kipande cha mti. Unaanza na namba mia na ishirini, unasugua kwa kukata upana wa kisu, mpaka mikwaruzo ya mashine yote iishe. Halafu namba inayofuata, unasugua kwa urefu, mpaka mikwaruzo ya ile ya kwanza iishe. Halafu inayofuata, upana tena. Huwezi kuruka. Ukiruka namba moja kisu kitakaa kimya, kitakuchekea, halafu mwisho ukipaka mafuta mikwaruzo ya zamani itajitokeza yote kama mashahidi.

Kaimu aliruka. Aliruka kwa sababu maisha yake yote alikuwa ameruka. Mama alikuwa amekaa kwenye kigoda, mkono wa bandeji pajani, kikombe cha chai kwenye ule mzima. Alipaka tone la mafuta, akakipeleka kisu dirishani.

"Umeruka namba."

"Ni kivuli, mama."

"Mia mbili na arobaini. Rudia."

Alirudia. Jioni ya kwanza alikuwa amemaliza visu vinne, na vidole vyake vilikuwa havitaki kukunjuka. Jumanne mama alimfunga plasta vidole sita, kwa huruma kabisa, akamsogezea visu tisa. Kaimu alisugua huku akimtukana moyoni, akajifariji kwa kufikiria pikipiki.

Jumatano mchana mama alitoa kasha dogo la mti mwekundu, ndani limewekwa kitambaa cha kijani, lina kufuli. Pembeni yake akapanga visu kumi vya kijivu iliyofifia, vinavyonuka siki.

"Vya shule ni vya kukatia vitunguu," akasema, akishusha sauti. "Lakini hivi ni vya mteja wangu maalumu. Hivi utavipeleka mpaka namba mia nane, mwanangu, na usiniulize ni vya nani. Vikipotea hivi, nimekwisha."

Kaimu hakuuliza ni vya nani, wala mbona vinanuka siki, wala debe la Jumatatu limekwenda wapi. Moyo ulikuwa umempasuka kwa furaha. Wakati wa kupumzika alipitia kichochoroni mpaka nyuma ya bucha.

"Seti ya visu kumi," akamwambia muuza nyama. "Vya mkono, ndani ya kasha. Kwa pikipiki."

Muuza nyama alikuwa akifuta mikono kwenye aproni. "Vikigoma kukata?"

"Vikigoma nakuja mwenyewe kuvinoa, bure, mpaka vikate. Maisha yangu yote."

"Sema tena."

Kaimu akasema tena. Muuza nyama akachana karatasi ya kufungia nyama, akayaandika maneno hayo taratibu, na Kaimu akatia sahihi yenye mikia mitatu.

Kisha likatokea jambo ambalo hata yeye hakulitegemea. Alhamisi, kwenye kisu cha ishirini na tano au cha ishirini na sita, alianza kuona. Aliuona mkwaruzo mmoja wa namba mia na themanini, mwembamba kama unywele, karibu na mpini, kabla mama hajausema. Akautoa. Akapaka mafuta, akapeleka dirishani mwenyewe, na ubapa wote ukakaa shwari kama maji ya beseni. Mama alipomwambia apumzike, alijibu kwa ukali kidogo kwamba mipini bado haijaloweshwa maji, na mti usipoloweshwa nyuzi zake hazisimami, na zisiposimama utasuguaje? Ijumaa alisugua vile kumi vya kasha kama mtu anayemwogesha mtoto, na aliona haya alipojikuta anaviimbia.

Jumamosi saa nne asubuhi honi ililia getini.

"Gari la shule," mama akasema. "Nisubiri hapa niwafungulie." Akatoka polepole, na ufunguo wa kasha akauacha unaning'inia kwenye msumari.

Kaimu akauchukua ufunguo, akalikumbatia kasha, akashika mlango wa nyuma. Hapo akageuka mara moja tu kulitazama sanduku la visu arobaini, na kwenye safu ya tatu akakiona kimoja kina mkwaruzo. Alijiambia aende. Akajiambia kwa ukali. Halafu akaliweka kasha chini, akachukua msasa wa mia sita, akausugua ule mkwaruzo mara kumi na mbili kwa urefu, akafuta, akakirudisha kisu mahali pake. Ndipo akakimbia.

Muuza nyama alilifungua kasha juu ya gogo la kukatia. Akakitoa kisu kimoja, akajiona uso mzima.

"Nani kasugua hivi?"

"Mimi," Kaimu akasema. Lilikuwa jibu lake la kwanza la kweli tangu aanze kazi za ukaimu, na utamu wake ulimshangaza, akarudia. "Mimi mwenyewe. Kila mstari. Hakuna mkono mwingine uliogusa."

Muuza nyama akavuta paja la ng'ombe, akakata. Kisu kiliingia, kikagusa mfupa, na makali yakajikunja kama sikio la mbwa. Akachukua cha pili, na makali yakajikunja vilevile. Alivijaribu vyote kumi, bila haraka, akavipanga kimoja kimoja pembeni.

"Hivi viliungua kwenye jiwe," akasema. "Chuma kikigeuka bluu kimeshakufa, kimekuwa laini. Mtu akikitia siki akakisugua, rangi inatoka, lakini ulaini unabaki. Nani alivichoma?"

Mbele ya macho ya Kaimu zilipita cheche za Jumatatu, na ile ndoo ambayo hakuitazama, na mama akisema rangi nzuri sana. Ulimi uliouza viti vya baraza ulikuwa umeshajifunga wenyewe. Alikuwa ameshasema hakuna mkono mwingine uliogusa.

Muuza nyama alitoa karatasi mfukoni, akaikunjua. Kisha akalisogeza kidogo pazia linalotenga mbele na nyuma. Mbele kulikuwa na foleni ya Jumamosi: mjane mmoja, mwenye nyumba wake wa zamani, na wa tatu bwana wa rungu, akiwa na rungu.

"Unapitia mbele," muuza nyama akauliza, "au unakaa nyuma?"

"Nyuma," Kaimu akasema.

"Kinoo kiko pale. Pikipiki ni yako siku visu hivi vitakapokata wiki nzima bila kunolewa."

Na huko nyuma ndiko alikokaa, kwenye kiti kifupi, pikipiki imefungwa mnyororo hatua mbili kutoka alipo. Kisu kinakata mara tano, kinarudi. Kinanolewa, kinaondoka, kinarudi. Muuza nyama akawa anawaambia wateja kwamba hajawahi kuwa na visu vikali namna ile, na ni kweli, kwa sababu hakuna kisu kingine mjini kilichokuwa kinanolewa kila robo saa. Vidole vya Kaimu viliota sugu. Alizichukia, lakini kuna nyakati alizipapasa kwa kidole gumba na hakuona vibaya.

Baada ya mwezi mmoja msasa wa kung'arishia visu hivyo uliisha, akatumwa kuununua. Akapita vichochoroni mpaka duka la vifaa, na kabla hajafika kaunta akaisikia sauti.

"...visu sitini, mwanangu, vya hoteli. Na mkono huu ndio umegoma kabisa."

Ulikuwa mkono wa kushoto. Bandeji ilikuwa ileile. Mkono wa kulia, mzima kabisa, ulikuwa umenyanyua mfuko wa misumari ya kilo tano bila taabu.

Kaimu alisimama mlangoni, hasira imempanda. Wiki nzima. Vidole sita. Karatasi ya nyama. Angesema neno moja tu, duka zima lingejua. Mama alimwona. Hakushtuka, wala hakuficha mkono. Alivitazama vidole vyake vyenye sugu, akatikisa kichwa taratibu, kama mwalimu anayeona mwandiko umenyooka.

Hapo kutoka nyuma ya mabomba akajitokeza kijana mwenye tai, viatu vinang'aa, tabasamu limeshawekwa tayari. Alimsogelea Kaimu akanong'ona.

"Kaka, yule mama unamfahamu? Ni kweli mkono unamsumbua?"

Kaimu aliitazama ile tai. Akavitazama vile viatu. Alijiona mwenyewe, mwezi mmoja nyuma, na wala hakujionea huruma.

"Namfahamu sana," akasema. "Unamtesa mno, ndugu yangu. Ningekuwa na nafasi ningemsaidia mwenyewe."

Kijana akajinyoosha tai, akaenda kaunta. Kaimu akachukua msasa wake, namba zote, bila kuruka hata moja. Alikuwa ameshafika mlangoni aliposikia nyuma yake ile sauti ya upole.

"Vidole vyako vizuri, mwanangu. Twende."