Kasha la Bendi ya Kutu

Gazeti la asubuhi lilivuruga amani ya kinyozini kwetu. Rekodi zote za Bendi ya Kutu, kundi la magitaa yenye ghadhabu lililovunjika zamani nasi tukashukuru, kisha likaigwa na kila kijana mwenye nywele ndefu, zilikuwa zimekusanywa katika kasha moja: santuri saba na kitabu cha maelezo.

"Hata mazoezi yamo," alisema fundi cherehani, ambaye kwa kupenda ushahidi tulimwita Mahakama. Alikuwa kitini, povu usoni, amelipakata kasha lenyewe aliloletewa na mpwa wake.

"Leo ni leo!" dereva wa lori akadakia. "Besi, miaka yote unatuambia ulipiga gitaa la besi humo. Tuoneshe sura yako!"

Kinyozi Besi alichovya brashi katika sufuria yake ya maji iliyobonyea. Mahakama alifunua kitabu. Katika kila picha, mpiga besi alikuwa ameupa umma mgongo.

"Ndiyo staili yetu," Besi alijitetea. "Tulipiga tukitazama ukuta. Kuutazama umati ni kujipendekeza."

"Mgongo, ndugu yangu?" dereva akabeza. "Hata punda wa muuza maji anao!"

"Usipopatikana humo," Mahakama akatamka, povu likimdondoka, "jina la Besi tunakuvua leo hii. Utaitwa Kinyozi tu, kama wenzako."

Besi akaunoa wembe upya. Mahakama alishika shingo yake.

Santuri ya mazoezi ikawekwa. Magitaa yakalia kama mabati yanayoburutwa. Kisha chuma kikagongwa, ngwa, ngwa, ngwa.

"'Chuma cha kiwandani,'" Mahakama akasoma kitabuni, "'kilio cha mfanyakazi.'"

Mara sauti ya mwanamke ikapasua santuri: "Wewe Kichwangumu! Kelele zako nimezivumilia. Sufuria yangu je?"

"'Mwigizaji asiyejulikana, akiwakilisha dola inayowakandamiza vijana,'" Mahakama akaendelea kusoma.

"Dola gani!" dereva akaruka. "Huyo si mama yake Besi? Sauti hiyohiyo ilinifukuza juzi nilipoegesha lori mlangoni pake!"

Tulicheka hadi tukashikana mabega. Besi alijifuta macho kwa taulo la wateja, akasema ni sabuni.

Kizingitini akatokea mama mwenyewe, jirani wa ukuta kwa ukuta, ambaye hakuwahi kukanyaga humo tangu mwanawe akatae ukarani.

"Nani ananiigiza?" akauliza. Akaisikiliza santuri. Akamtazama mwanawe. Akaitazama sufuria.

"Kumbe siku zote mlinisikia!"

Akamwaga maji barabarani, akaikumbatia sufuria yake, akaondoka bila kuaga.

Mahakama aliinuka, shavu moja laini, jingine povu tupu. "Jina libaki," akahukumu. "Lakini, Besi, maji hakuna. Nami nitapitaje sokoni hivi?"

"Tembea ukitazama ukuta, kaka," Besi akamjibu.