Simu ya Ndani ya Soksi

Eugene alikuwa na kipaji cha kumtambua mtu anayekwenda nyumbani. Wengine humtambua kwa sanduku, yeye alimtambua kwa jinsi anavyosimama mbele ya maduka. Mwenye mkataba wa kazi usioisha bado hupita mbio. Mwenye tiketi ya kurudi kwao hutua, akakumbuka wote aliowaahidi.

Ijumaa hiyo, mwishoni mwa mwaka 2014, mbele ya duka moja la simu huko Al Rayyan, pembeni mwa Doha, alikuwa ametua mama mnene mwenye kitambaa kichwani, mkoba kaukumbatia kifuani. Nyuma ya kioo kulikuwa na simu mbili zilizotoka majuzi tu, zile ambazo mji mzima ulikuwa ukizigombania: iPhone mpya upande huu, Samsung Note mpya upande ule. Mama akatazama huku, akatazama kule, akarudi huku. Eugene akanyoosha kola ya shati lake. Mungu humpa kila kiumbe riziki yake, na riziki ya Eugene siku hiyo ilikuwa imevaa kandambili.

"Mama, usiingie humo," akasema. "Humo bei ni ya wenye magari."

"Kumbe wewe ni wa kwetu?"

"Wa Eldoret kabisa. Na wewe unasafiri leo."

Mama akashangaa. "Leo jioni. Naitwa Nasimiyu, wa Bungoma. Nani amekuambia, papa?"

Alimwita papa, kama mama wa Bungoma anavyomwita mwanawe wa kumzaa. Mtu mwingine angeona haya. Eugene aliona kwamba kazi imekuwa rahisi.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Kitambulisho chake kilisema ni mlinzi, naye kweli alilinda, mlangoni pa duka moja la simu kwenye kisiwa cha Pearl. Duka hilo liliweka mezani sanamu za simu: plastiki tupu, kipande cha chuma tumboni ili zilingane uzito na za kweli, na picha iliyobandikwa pale penye kioo. Sanamu zikichakaa zilitupwa. Maboksi ya wanunuzi wasioyataka yalitupwa pia. Eugene, ambaye mama yake alimkanya asitupe kitu chenye kazi, aliokota vyote viwili, akaingiza kimoja ndani ya kingine, akavalisha nailoni na kuikaza kwa mashine ya kukaushia nywele. Kilichotoka hapo ungekinunua hata wewe unayejiona mjanja.

Wateja wake walikuwa wale wanaoruka siku hiyohiyo. Aliwaonyesha simu mbili za kweli, zake mwenyewe, iPhone na Samsung, wazipapase na kupiga nazo picha. Wakishachagua, aliwapa boksi lililofungwa, pamoja na onyo: lisifunguliwe kabla ya kufika nyumbani, kwa sababu waranti huanza kuhesabiwa siku ya kufungua. Na likifunguliwa Kisii, kilio cha Kisii hakifiki Doha.

"Siri ni moja," alipenda kumwambia Job, dereva wa basi la kampuni, aliyelala naye chumba kimoja kule Industrial Area. "Usimwulize mtu kama anataka kununua. Mwulize anataka gani kati ya mbili. Akishaanza kuchagua, hawezi kushuku."

"Siku yako inakuja, buda," Job alijibu kila mara, akaendelea kupiga pasi shati lake la kanisa.

Jambo moja tu lilimkosesha Eugene raha, nalo lilikuwa Jebet. Alimpenda. Lazima tuseme hivyo waziwazi, maana hata tapeli ana moyo, tatizo ni mikono. Jebet aliuza vitambaa Nairobi, na tangu Pasaka alikuwa ameahidiwa iPhone. Jumamosi, yaani kesho yake, wazee wa kwao walikuwa wakikutana Kapsabet kuamua kama Eugene ni mtu wa kupewa binti, au waache mlango wazi kwa Lenny, mwalimu mwenye ng'ombe wa maziwa na tabia ya kutimiza anachosema. "Kama simu imekushinda kutuma," Jebet alikuwa amemwambia, "mimi nitawaambia wazee nini?"

Simu ilikuwepo, ndiyo ile ya maonyesho. Aliyekosekana ni wa kuibeba. Kila aliyekuwa akienda nyumbani alikuwa mteja, na mteja wa Eugene si mtu wa kupewa mzigo.

Basi akampeleka Mama Nasimiyu kwenye kafteria ya karibu, akaagiza chai ya karaki, ile nzito ya maziwa na iliki, akaziweka simu zote mbili mezani.

"Hii ni ya heshima," akasema, akigusa iPhone. "Ukiitoa kanisani, hata mhubiri anapunguza maneno. Hii nyingine ni ya kazi. Kioo kipana, na inakuja na kalamu yake."

"Kalamu?" Mama Nasimiyu akaichomoa, akaitazama, akaandika jina lake juu ya kioo polepole. Jina likakaa pale, zuri kabisa. "Miaka yote hii nimefuta vumbi simu za watoto wa madam," akasema. "Naziokota chini, naziweka kwenye chaji. Yangu imekuwa ni mulika mwizi tu, ya vibonye na tochi. Nikasema, Nasimiyu, usirudi kwenu hujawahi kushika yako."

Eugene akanywa chai. Kuna maneno ambayo tapeli hapaswi kuyasikiliza mpaka mwisho.

"Sasa chagua, mama. Ndege haingoji."

Lakini Mama Nasimiyu hakuwa mtu wa kuchagua haraka. Aliuliza ipi ina tochi kali. Aliuliza ipi ingeirekodi kwaya ya kanisani kwake, sauti zote nne zikasikika. Alijaribu kuiandikisha iPhone kidole gumba chake, ikakataa kukisoma, kwa sababu sabuni na dawa ya vyoo zilikuwa zimemla alama za vidole. Akamwita muuza chai atoe maoni. Muuza chai akasema Samsung. Mpishi akatoka jikoni na mwiko kusema iPhone. Madereva wawili wa teksi wakavuta viti, na muda si muda kafteria nzima ikawa kambi mbili, huku Eugene, aliyeizoea sanaa hii ya kuwachanganya watu, akichanganyikiwa yeye.

"Nafikiri hii ya kalamu," akasema Mama Nasimiyu hatimaye.

Angeishia hapo, hadithi hii isingekuwepo. Lakini akamshika Eugene mkono. "Ngoja. Niambie kweli, papa. Ungekuwa unamnunulia mtu unayempenda, ungechukua gani?"

Eugene alikuwa amechoka. Mtu akichoka husema ukweli bila kukusudia. "iPhone," akasema. "Kuna msichana wangu Nairobi, Jebet. Hiyo ndiyo anataka."

"Basi inayomfaa Jebet itanifaa na mimi."

Akafungua mkoba, akatoa pesa zilizokunjwa ndani ya leso, na Eugene akamkabidhi boksi jeupe, nailoni inang'aa, pamoja na onyo lake la waranti. Mambo yakaisha. Alikuwa tayari amesimama wakati mama alipomwuliza, "Na Jebet, yake umeshamtumia?"

Eugene akakaa tena.

"Bado, mama. Sijapata mtu."

"Mtu ni mimi. Nani anakwenda nyumbani bila kubeba cha mwenzake? Nitashukia Nairobi kwanza."

Sasa, mwone Eugene akipiga hesabu. Huyu mama atafungua boksi lake Bungoma. Bungoma ni mbali. Jebet atamngoja uwanja wa ndege wa Nairobi, asubuhi na mapema, kabla ya Bungoma. Simu itakuwa imeshafika, Jebet atakuwa njiani kwenda Kapsabet, na kilio kitakapoanza hakitamhusu. Kwa pesa hizi zilizo mfukoni atanunua ya maonyesho nyingine. Hesabu ilikubali pande zote.

Akaifuta iPhone ya kweli kila kilichokuwemo, akaitumbukiza ndani ya soksi yake mpya, nyeusi, akaifunga fundo, akamwandikia mama namba ya Jebet.

"Boksi lake liko wapi?" akauliza Mama Nasimiyu.

"Watu wa ushuru, mama. Wakiona boksi wanataka chao. Ikiwa hivi watajua ni yako ya kutumia."

"Na hii yangu yenye boksi?"

Eugene akamsogezea mkoba wake. "Hiyo iweke chini kabisa, katikati ya nguo."

Mama Nasimiyu akamtazama, akatazama soksi, akamtazama tena. Kisha akamwombea Mungu, kwa sauti, mbele ya madereva wa teksi, akaondoka.

Kesho yake jioni Eugene alikuwa amelala chali kitandani, akimweleza Job jinsi akili inavyoweza kuoa, mara simu yake kuukuu ikalia. Video, kutoka namba ya Kenya asiyoijua. Akaifungua.

Mama Nasimiyu alitokea, amejaa kioo kizima. Nyuma yake kuku, migomba, na nusu ya kwaya.

"Papa, nimefika salama. Kijana wa dukani amenikatia laini ikaingia, na simu imewaka. Ona inavyopiga picha safi!"

Eugene akaketi. Katika biashara yake yote hakuwahi kupata mteja aliyeshukuru, tena kwa kutumia kipande cha chuma.

"Imewakaje?" akanong'ona. Video haikumjibu, iliendelea tu.

"Nilimwona Jebet pale uwanjani, akanipa na namba yako. Mtoto mzuri, papa, tena ana heshima. Nikatoa ile soksi, nikaona aibu. Zawadi ya mchumba inapelekwa uchi? Na mimi mama mzee niko na boksi na nailoni, za nini? Nikampa yangu yenye boksi, nikabaki na ya soksi. Simu si ni ileile, ulisema mwenyewe. Amefurahi mpaka machozi. Amesema hataifungua mpaka afike mbele ya wazee. Sasa nimewapa hawa wote wa kwaya namba yako."

Kwaya ikapunga mikono. Video ikaisha.

Job aliweka pasi chini. Hakucheka mara moja, alijitahidi.

"Alikuwa anajua?" Eugene akauliza. "Job, huyo mama alikuwa anajua?"

"Hiyo utamwuliza Mungu. Mama anajua bei tu ya alichonunua, na amekipata."

Simu ikalia tena, safari hii ni ya kupigwa, na jina lilikuwa Jebet. Eugene, aliyewafundisha watu wengi kuchagua kati ya viwili, akabaki akitazama kitufe cha kijani na kitufe chekundu. Job akanyoosha mkono, akamchagulia.

"Eugene," sauti ya Jebet ikaja taratibu, na nyuma yake mzee mmoja akikohoa. "Niko hapa na wazee. Wanauliza, hii inawashiwa wapi?"