Mume wa Mwalimu Martha

Ijumaa, 18 Julai 2025

Siku nyeusi. Nyeusi kabisa!

Saa nne, chai ya walimu. Mwalimu Mkuu, Mwalimu Victoria, akagonga kikombe kwa kijiko. Barua imetoka wilayani. Kila shule ya msingi ya serikali itoe mwalimu mmoja akasomee kompyuta siku tano, kituo cha walimu, Moshi mjini. Akirudi na cheti, shule inapewa kompyuta kumi, naye anawafundisha wenzake, ili watoto wetu wa huku Machame wapate fursa ileile wanayopata watoto wa shule za kulipia. Maneno mazuri. Nikaanza kufunga vifungo vya koti. Miaka ishirini na minne nafundisha hisabati. Nani mwingine? Nikasimama kushukuru. Nimefika kwenye "kwa unyenyekevu mkubwa ningependa", Mwalimu Mkuu akataja jina.

Martha.

Martha wa darasa la kwanza. Martha wa a, e, i, o, u. Martha mke wangu!

Ikabidi niendelee, maana nilishasimama. Nikasema kwa unyenyekevu mkubwa ningependa kumpongeza. Makofi. Gidioni wa Sayansi alipiga kuliko wote, kijana yule na meno yake meupe.

Nyumbani Martha aliuliza mbona sili mtori. Nikasema jino. Akanihurumia. Hapo ndipo niliumia zaidi.

Jumamosi, 19 Julai

Nimeamka na mpango. Nikamwambia Martha, kwa uso wa huzuni, kwamba ng'ombe atazaa wiki ijayo. Dalili zote nimeziona, na peke yangu sitaweza. Martha alikuwa anaanika kahawa. Hakuinua hata kichwa. Akanikumbusha kwamba ng'ombe alipandishwa mwezi wa nne, kwamba mtaalamu aliitwa na yeye, na aliyeshika kamba ni mimi.

Basi. Kama siwezi kumzuia, nitamtangulia. Nikashuka hadi sokoni Kwa Sadala, kwenye steshenari ya binti anayeitwa Gladness, anayewachapia watu barua. Nikamwambia kompyuta naijua, nataka tu kunyoosha vidole. Saa nzima nikaandika jina langu. ELIUFOO. Lilitoka, ila kwa herufi kubwa tupu, kama kibao cha barabarani. Nikabonyeza huku na kule ili kulipunguza. Kioo chote kikapinduka! Maandishi miguu juu. Nikalaza shingo, nikaendelea kusoma hivyohivyo. Mama mmoja aliyesubiri nakala za cheti cha ubatizo akauliza kama ndivyo zinavyosomwa. Nikamjibu ndiyo, hii ni ya kisasa.

Gladness ameniomba, kwa heshima zote, nisirudi. Shingo inauma upande wa kushoto.

Jumapili, 20 Julai

Mchungaji ametangaza safari ya Martha! Safari! Moshi mjini, ambako tunaenda kununua viatu! Usharika wote ukasimama kumwombea. Mimi nilikuwa kwenye kwaya, sauti ya besi. Niliingia kabla ya wenzangu. Mungu naye ameshashirikishwa katika jambo hili.

Si wivu. Naandika hapa wazi ili ieleweke. Ni suala la utaratibu.

Jumatatu, 21 Julai

Martha kaondoka alfajiri na begi jipya. Mimi nikafika shule nikiwa na faraja moja tu: kwa siku tano nitapumua, sitaliona begi lile shuleni. Mwalimu Mkuu alikuwa ananisubiri mlangoni. Darasa la kwanza halina mwalimu. Akaona inafaa zaidi mimi, kwa kuwa ni la mke wangu.

Watoto themanini na wawili. Mmoja aling'oka jino akanikabidhi. Mmoja alilia kwa sababu mwenzake alikuwa analia. Kila nilichofanya, wote kwa pamoja: "Mwalimu Martha hafanyi hivyo!" Nikauliza hufanyaje. Huimba, wakasema. Nikaimba. Wakasema Mwalimu Martha haimbi hivyo.

Jioni Martha karudi anang'aa. Mkufunzi wao anaitwa Godlove. Godlove ana subira. Godlove anasema mwalimu akiijua mashine, hakuna mtoto wa kuachwa nyuma. Godlove anasema Martha ana vidole vyepesi. Niliweka chumvi kwenye chai. Hadi kulala jina hilo nimelihesabu mara kumi na moja. Vidole! Mtu mzima anatazamaje vidole vya mke wa mwenzake?

Jumanne, 22 Julai

Nimeliwa na aibu. Lakini naandika, maana daftari hili halina mdomo.

Nilimwambia Mwalimu Mkuu naenda kung'oa jino. Nikaenda Moshi kumwona Godlove kwa macho yangu. Mlangoni mlinzi mwenye orodha akauliza jina. Nikachungulia. Majina yote yalikuwa na alama isipokuwa moja, Filemon, mwalimu wa Kirua Vunjo. Mdomo ukafunguka wenyewe. Nikasema mimi ndiye.

Nikakaa nyuma kabisa. Martha akageuka. Macho yake yakatua usoni mwangu, yakakaa hapo. Kisha akatabasamu kama mtu anayemwona mgeni.

"Karibu, Mwalimu Filemon. Habari za Kirua?"

Nikasema za Kirua ni njema.

Godlove ni mfupi. Ana upara unaoanza. Nikapata nafuu kubwa! Ila ana sauti nzuri, na humwita kila mtu kwa jina lake. Haikupita nusu saa, akamwomba Mwalimu Filemon aje mbele atuonyeshe kuandika jina la shule yake. Kompyuta ya mbele imeunganishwa na projekta. Ukuta mzima! Nikaandika KIRUA. Sijui nilichogusa. Kirua ikapinduka, futi sita ukutani, miguu juu. Walimu thelathini wakalaza shingo.

Hapo mlango ukafunguka. Akaingia mzee wa karibu na kustaafu, suti ya kahawia, akaomba radhi kwa kuchelewa, walikuwa na msiba. Anaitwa Filemon, wa Kirua Vunjo.

Nikampa shikamoo, kwa kuwa sikuwa na lingine la kumpa. Akaitikia marahaba, akanitazama kwa upole. Akauliza, "Na wewe ni Filemon wa kina nani?"

Nikasema wa kina... Nikasema jino limenizidi, nikatoka. Nyuma yangu nilisikia kicheko kimoja nikakijua. Nimekisikia miaka ishirini na moja, jikoni, asubuhi.

Jumatano, 23 Julai

Habari ilipanda mlima haraka kuliko mimi. Mwalimu Mkuu anataka maelezo ya maandishi: kwa nini nilitoroka kazini na kwa nini nilikuwa Filemon.

Nyumbani nikaandika rasimu tatu kwa mkono, zote zikawa na madoa ya jasho. Martha hakunigombeza. Afadhali angenigombeza! Alikaa karibu, akasema, "Baba Elinami, nipe nikuchapie. Kesho tuna zoezi la barua rasmi."

Alhamisi, 24 Julai

Barua yangu ameifanya zoezi. Amepewa alama zote. Kichwa cha habari kimekolezwa na kupigiwa mstari: YAH: KUOMBA RADHI KWA KUJIITA FILEMON. Sijawahi kuona barua nzuri kama ile.

Ijumaa, 25 Julai

Cheti. Chenye muhuri wa bluu. Kapata pongezi maalumu. Gidioni alikuja nyumbani na mkungu wa ndizi kumpongeza. Akaniuliza jino linaendeleaje. Nikambana kwa macho. Alikuwa anamaanisha kweli, mjinga yule.

Jumatatu, 28 Julai

Kompyuta kumi zimefika, kwenye maboksi, zikapokelewa kama maaskofu. Kikao cha walimu. Martha akatoa ratiba: kila darasa, kila mtoto, kwa zamu, wanaojua na wasiojua. Akasema akianza na wenye akili tu, wengine hawatafikiwa kamwe. Mimi nikatoa hoja nzito: waanze kumi bora wa darasa la saba, wana mtihani wa taifa mwezi wa tisa, na kwa bahati mimi ndiye mwalimu wao. Tukapiga kura. Hoja yangu ilipata moja.

Lakini funguo za stoo, kompyuta zilikowekwa, natunza mimi. Hawakukumbuka hilo!

Kipindi cha kwanza kilikuwa cha darasa la sita. Nikatangaza ufunguo umepotea. Nikajipekua mifuko yote mbele ya watu, nikapekua na ya koti lililoning'inia, ambalo si langu. Ufunguo ulikuwa kwenye soksi. Watoto wakapanga mstari nje ya mlango, kwenye ukungu na baridi ya mwezi wa saba, masweta yametoboka viwiko. Nikajisemea watachoka, Martha ataomba ushauri wangu, mambo yatakaa sawa.

Hawakuchoka. Baada ya nusu saa Anaeli akanijia. Ni binti wa darasa la sita, anakaa nyuma, mwisho kabisa. Nimemfundisha tangu darasa la nne na hajawahi kuvuka alama ishirini. Akanipa shikamoo. Akauliza kama ni kweli mle ndani herufi zinaweza kufanywa kubwa.

"Nani kakwambia?"

"Mwalimu Martha. Kasema kubwa kama ninavyotaka."

Nikamwambia asubiri ufunguo upatikane. Akasema, "Sawa, Mwalimu." Akarudi kwenye mstari. Alisubiri mpaka kengele. Wenzake walipoondoka alibaki dakika moja zaidi, ameweka mkono mlangoni.

Soksi ilinichubua vibaya.

Jumanne, 29 Julai

Nimeupata ufunguo. Nikasema ulikuwa majanini. Martha hakutazama majani, alitazama mguu wangu unaochechemea.

Nilisimama mlangoni kuona atakavyoharibikiwa. Watoto wawili wawili, watatu watatu kwa kompyuta. Martha akaenda kwa Anaeli, akabonyeza, maandishi yakavimba mpaka maneno manne tu yakajaza kioo. Lilikuwa swali la hisabati, kutoka kitabu changu, kitabu ambacho nimemwekea mezani miaka miwili na nusu. Robo tatu ya miche tisini na sita ya migomba imeota. Mingapi haijaota?

Anaeli akasoma kwa sauti. Sijawahi kumsikia akisoma. Nilidhani hajui. Alipofika kwenye alama ya kuuliza hakunyamaza, akaunganisha, "Ishirini na nne."

Hakuandika popote. Wenzake walikuwa bado wanatafuta kalamu.

Martha akasema polepole kwamba mtoto ana uoni hafifu, kwamba Godlove aliwaonyesha dalili zake na yeye akamkumbuka papo hapo. Ubao haukuwahi kumfikia kule nyuma. Aliyempeleka nyuma ni mimi. Kwenye ripoti zake tano niliandika neno moja: mzembe. Kwa kalamu hii hii.

Nikaenda nyuma ya jiko la uji. Macho yalitoa machozi. Moshi ulikuwa mwingi pale, naandika hivyo kwa haki. Martha akanifuata. Akasimama kando yangu. Kisha akasema na yeye alikuwa naye darasa la kwanza mwaka mzima, na hakuona.

Nikamwambia ufunguo ulikuwa kwenye soksi. Akasema anajua, alisikia soksi ikilia kila hatua.

Jumatano, 30 Julai

Mimi ni mtu mpya. Anaeli nimemhamishia mbele, dirishani. Nimemwomba radhi. Akasema, "Asante, Mwalimu," akauliza kama anaweza kupata maswali mengine.

Baada ya vipindi Martha alikaa na mimi kompyutani. Ana subira kuliko Godlove, naamini. Nimejua kuandika herufi ndogo. Nimejua kutuma maandishi kwenye printa. Moyo mweupe! Wivu ni ugonjwa, nami nimepona.

Ijumaa, 1 Agosti

Afisa Elimu Kata amekuja kuona. Anaeli alifanya maswali sita mbele yake. Martha akamwambia mgeni kwamba hisabati yote ile binti kafundishwa na mume wake. Afisa akanishika mkono kwa mikono miwili. Nilikuwa na amani kama mtu aliyeshiba.

Ndipo akatangaza. Kutokana na mazuri haya, wilaya inampeleka mwalimu mmoja wa shule yetu Arusha, wiki mbili, akasomee kuwafundisha watoto wenye uoni hafifu. Amechaguliwa Gidioni.

Gidioni! Gidioni amewahi kugundua macho ya nani? Anaeli ni mwanafunzi wangu! Nimemkalisha nyuma mimi, nikamhamishia mbele mimi! Eti kijana bado, ana miaka mingi ya kazi mbele yake. Na meno!

Saa tisa na nusu. Wamekwenda wote, nipo peke yangu na kompyuta. Uzuri wa kompyuta ni kwamba mwandiko haujulikani. Nimeandika barua kwa Mwalimu Mkuu, kwa herufi ndogo safi, kutoka kwa Mzazi Mwenye Uchungu. Nimeeleza kwamba Mwalimu Gidioni ni mzuri, ila hewa ya Arusha haitamfaa, na kwamba wazazi wengi wanalitaja jina la Mwalimu Eliufoo, mtu mnyenyekevu. Nikaituma kwenye printa. Kompyuta ikauliza idadi. Nikadhani inataka idadi ya wanafunzi wangu. Nikaandika 47.

Printa iko wapi? Sikuwahi kuuliza.

Naandika haya haraka. Inanguruma ng'ambo ya ukuta, kwenye ofisi ya Mwalimu Mkuu. Kumbe hajaondoka. Nimesikia kiti chake kikisogea. Sasa anasoma kwa sauti. Printa haijanyamaza.

Nitasema ni kirusi.