Boksi la Zantaro

Bwana Uhakika hakuingia ukumbini kwa kupenda katuni. Aliingia kwa sababu nje jua lilikuwa linachoma, na ndani kulikuwa na feni na soda ya bure. Jina hilo alipewa mtaani, kwa vile hakuna jambo aliloliahidi bila kupiga kifua na kusema, "Uhakika!" Wengi waliolisikia neno hilo wanamtafuta mpaka leo.

Akakuta wapenzi wa anime wamekusanyika, wamegawanyika pande mbili kama ndugu wanaogombania shamba. Kulia, Wazee wa Kanda, watu wa mvi na vitambi, walioanza kuangalia katuni za Kijapani enzi za mikanda ya video, picha ikicheza na sauti ikikwaruza. Kushoto, Watoto wa Simu, ambao dunia yao yote imo kiganjani. Katikati, juu ya meza, kasimama roboti wa bati mwenye kimo cha chupa ya chai, rangi imembanduka magotini. Huyo ndiye Zantaro, na ugomvi wote ulikuwa wake.

"Mimi nilimfungua siku ileile niliyoletewa," alikuwa akijisifu mwenye roboti, mzee mmoja mbishi, fundi wa meno ya bandia. "Nimecheza naye utotoni, nacheza naye uzeeni. Ukibonyeza hapa..."

Ngumi ya Zantaro ikafyatuka na kumpata kijana mmoja sikioni. Wazee wakashangilia.

"Mjomba!" akapiga kelele binti mmoja upande wa kushoto, mikono kichwani. Alikuwa mpwa wake wa damu, karani wa kaunta ya vifurushi, na ndiye kinara wa Watoto wa Simu. "Unamuua! Kitu kama hicho kinakaa ndani ya boksi, boksi linakaa ndani ya kioo, mtu anatazama kwa mbali!"

"Hiyo ni jela. Ndiyo maana sikuachii hata nikifa. Bora nizikwe naye."

"Hata boksi lake ulishindwa kulitunza!"

"Boksi kamuulize mama yako. Alipokuwa mchanga alilitafuna pembe, bibi yako akakasirika akaligawa. Kosa langu liko wapi?"

Wakanuniana hapohapo, mbele za watu. Na hawa ni watu wa nyumba moja, wanaokula meza moja, na siku hizi hata chumvi walikuwa wanaombana kupitia kwa mama mtu.

Habari ya kutafunwa kwa boksi Bwana Uhakika aliisikia kwa sikio moja tu. La pili lilikuwa limenasa kwa mwanamke aliyesimama nyuma yake, mwenye duka la vitu adimu, aitwaye Mama Kabati kwa wingi wa makabati yake ya vioo.

"Zantaro wa bati!" Mama Kabati alikuwa akiiambia soda yake. "Atakayeniletea huyo, namtajirisha."

Basi soda ya Bwana Uhakika ikapata ladha.

Sasa tuelewane. Mwizi angeruka dirisha. Bwana Uhakika hakuwa mwizi, na ukimwita hivyo alikuwa anaumia kabisa. Yeye alitaka mali iletwe na wenyewe, kwa mikono miwili, na asante juu.

Siku ya pili alipeleka kiatu kwa fundi viatu, na macho yake yakatua kwenye boksi la misumari. Karatasi ngumu, rangi imefifia, na ubavuni picha ya Zantaro akirusha ngumi.

"Hili umelitoa wapi, fundi?"

"Ah, alinipa mama mmoja wa mtaa huu, zamani, sasa ni marehemu. Pembe hiyo nadhani walitafuna panya."

Bwana Uhakika akampa bati la biskuti lenye kifuniko kizuri, fundi akampa boksi, na kila mmoja akaondoka moyoni akimcheka mwenzake.

Nyumbani akatia ndani mche wa sabuni uliozungushiwa gazeti. Akalivika boksi plastiki ya kufunikia vyakula, akailainisha kwa pasi ya moto mdogo, na pale kwenye pembe iliyoliwa akabandika stika ya dhahabu aliyoibandua kwenye chupa ya manukato. Akasogea nyuma akalitazama, akajisikia kama baba aliyepata mtoto. Utamu wa mpango wenyewe ulikuwa huu: Watoto wa Simu hawafungui maboksi. Kwao kufungua ni dhambi. Unaweza kuwauzia hewa, nao wakawarithisha wajukuu.

Akaenda kwenye kaunta ya vifurushi.

"Dada, mimi ni mtu wa maneno machache," akaanza, kisha akasema mengi. Alikuwa na baba mdogo aliyefanya kazi ng'ambo, Mungu amrehemu, akaacha Zantaro ambaye hajawahi kufunguliwa. "Lakini mimi nataka wa kuchezea, kama yule niliyekuwa naye utotoni. Wewe unataka wa kutazama. Mjomba wako anaye wa kuchezea. Unaona mambo yanavyojipanga yenyewe?"

Binti akalipokea boksi. Akalipima mkononi, akaliinamisha kidogo, akalirudisha sawa. Akatazama kingo zake kwa muda mrefu, na bila kutaka akameza mate.

"Halijafunguliwa?"

"Uhakika! Na uniapie hutalifungua."

"Haki ya Mungu, mbele yako silifungui. Lakini mjomba hatakubali."

"Kwani nani kasema aulizwe?"

Binti akainamisha kichwa. "Nipe mpaka Ijumaa, kaka."

Ijumaa alikuja na Zantaro kamzungushia taulo. Macho yake yalikuwa mekundu, amechoka. Bwana Uhakika akaguswa, maana hakuwa na roho mbaya, akamwambia ajikaze, dunia ndivyo ilivyo. Akalifunua taulo kidogo: magoti yaliyobanduka, ngumi, uso uleule. Na mzito hasa.

"Usimbonyeze sasa hivi," binti akasema. "Springi yake imechoka."

"Wala sina haraka," akajibu Bwana Uhakika, akamwachia boksi, akatoka mbio.

Mama Kabati alivaa miwani, akavaa na glavu. Akamnusa roboti.

"Mbona ananuka hospitali?"

"Ndiyo harufu ya ukale, mama. Uhakika!"

Mama Kabati akakwaruza goti kwa ukucha. Chini yake ikatokea rangi ya waridi, laini, inayong'aa. Akakwaruza mkono: waridi. Akakwaruza tumbo: waridi.

"Bwana," akasema polepole, "huyu kaumbwa kwa fizi."

Akafungua kimlango kidogo cha kifuani, mahali Zantaro anapowekea kombora lake. Ndani kulikuwa na meno ya bandia, ya juu na ya chini, seti nzima, yanamchekea.

Bwana Uhakika, mtu wa maneno machache, akaanza kulia kwa mengi. "Afadhali mimi sikutoa kitu! Nimetoa boksi tu, kikaratasi cha misumari."

"Boksi lipi?"

"La huyuhuyu. La zamani."

Mama Kabati akatafuta kiti, akakaa. "Boksi la Zantaro? Lenyewe? Wewe mtu una akili? Maroboti wapo, tatizo ni maboksi! Watoto wa dunia nzima waliyachana! Hilo ningekulipa mara mbili ya roboti. Liko wapi?"

Kwenye vifurushi kulikuwa na foleni ndefu. Bwana Uhakika akaipita yote.

"Nirudishie boksi langu!"

"Kwa nini, kaka? Si lina Zantaro ndani?"

"Lina sabuni!" akaropoka, na foleni nzima ikageuka.

"Jamani mmesikia," akasema binti kwa sauti ya kikazi. "Mwenyewe anasema aliniletea sabuni."

"Na mimi namjua!" akaruka mama mmoja mwenye kifurushi kikubwa. "Uhakika! Ndiye huyu, aliniuzia jokofu halina mota!"

Bwana Uhakika akatoka kama alivyoingia, bila kufuata foleni. Kiatu kimoja kilibaki mlangoni.

Jioni, katika karakana ya mjomba, katikati ya taya za plasta, boksi lilikuwa juu ya meza, na Zantaro wa kweli kasimama pembeni yake. Siku ileile alipoonyeshwa boksi, binti alikuwa amerudi nyumbani na kusema, "Shikamoo, Mjomba," shikamoo ya kwanza baada ya miezi, mjomba akaangusha taya. Akamweleza: boksi ni la kweli, lakini enzi zile hawakuyavika plastiki, walifunga kwa utepe wa karatasi, na kilichomo ni sabuni, maana kutwa anashika vifurushi vya watu. Basi wakaungana. Mjomba akafinyanga, mpwa akapaka rangi, mpaka macho yakawawasha.

"Kama isingekuwa sabuni," mjomba akauliza bila kumtazama, "ungempa Zantaro wangu?"

"Mjomba, usiniulize hivyo."

"Nakuuliza, mama."

"Nilitamani." Machozi yakamlengalenga. "Nilipolishika lile boksi nilitamani kweli. Naona aibu. Nisamehe."

Mzee alichukua kisu chake cha kazi akaanza kuibandua ile stika ya dhahabu, kidogokidogo. Mara akasita. Akavuta taa, akavaa miwani ya kazini.

"Meno mawili ya juu," akanong'ona. "Na mwanya katikati. Haya meno nayajua."

"Ya panya?"

"Panya gani! Dada!" akaita kuelekea jikoni. "Dada, hebu njoo ucheke hapa!"

Mama mtu akaja na mwiko mkononi, akauliza wamekunywa nini. Alipoona boksi akashika mdomo, kisha akacheka, na mwanya ukaonekana palepale unapokaa siku zote. Mjomba akamtazama yeye, akatazama pembe, akashindwa kujizuia, akalia kama mtoto.

Alipopata sauti akamlaza Zantaro ndani ya boksi. Akaenea, hapakubaki hata upenyo. Akalisukuma boksi mbele ya mpwa wake.

"Chukua. Liweke kwenye kioo chako. Ni lako, na yeye ni wako. Ila Jumapili anatoka jela, tunacheza."

Binti akafuta macho. Akamtazama Zantaro kwa muda, akamtoa kwa vidole viwili, akamsimamisha mezani, na kwa mara ya kwanza maishani akabonyeza. Ngumi ikaruka, ikaangusha safu nzima ya taya za wateja.

"Eeeh!" mjomba akashangilia, akipiga makofi.

Mche wa sabuni aliuchukua mama mtu, akafulia lile taulo. Alisema ni sabuni nzuri, inatoa povu uhakika.